Kitasa na Hodi Zisizo na Mwenyewe

Asiyesema shida yake asisumbue watu. Fundi kompyuta wa hospitali moja ya wilaya aliishika kanuni hiyo kazini na nyumbani, na hakuna aliyewahi kumwona akiilegeza. Ukimpigia simu ukaanza kumuuliza habari za kazi, za watoto na za afya, alikukatiza. "Nzuri zote. Sema unachotaka." Ukishasema alikujibu, na akishakujibu alikata. Wenzake walimwita Kitasa. Jina lilianza kwa mzaha likamganda, hata mkewe akifika mapokezi kumuulizia alisema, "Kitasa yupo?" na hakuna aliyecheka.

Haki yake apewe. Alikuwa mwaminifu kuliko wengi waliomsema. Hakuchelewa, hakubeba waya wa hospitali kwenda nao kwake, na mganga mkuu alipotaka shemeji yake afunguliwe njia ya pembeni ili acheze michezo kwenye mtandao wa hospitali, Kitasa alimjibu mbele ya watu: "Haiwezekani, Mkuu." Ofisi yake ilikuwa stoo ya zamani ya mashuka, bado inanukia sabuni ya unga. Humo, juu ya meza ya chuma, chini ya kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye beseni, ndipo ilipokaa seva.

Ilikuwa seva ya mtindo wa zamani, na tabia zao zilifanana. Ilikaa mlango wa mbele wa mtandao wa hospitali. Mtu akifungua ukurasa kutaka ratiba ya kliniki au majibu ya maabara, seva ilipokea swali, ikaenda ndani kuuliza, ikarudi na jibu, ikafunga. Mwingine aje. Hakuna aliyekaa kibarazani kupiga soga. Na programu yoyote ya ndani haikuruhusiwa kuonana na dunia moja kwa moja. Kila kitu kilipita hapo. Kanuni hiyo ilikuwa sahihi, na bado ni sahihi. Nyumba isiyo na mlango mmoja unaolindwa haina mlango.

Tatizo lilikuja na dada yake. Huyu alikuwa dada wa tumbo moja, mkubwa kwake, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na sasa alikuwa muuguzi wa kliniki ya kifua katika hospitali hiyohiyo. Alikuja stoo akiwa bado amevaa barakoa, akaishusha hadi kidevuni.

"Mdogo wangu, nataka dirisha."

"Chumba chako kina madirisha mawili, Dada."

"Usinifanyie ujuaji. Dirisha la kwenye simu. Mgonjwa analifungua, ananiandikia, namjibu papo hapo. Akinyamaza, linabaki wazi."

"Linabaki wazi likingoja nini?"

"Likingoja mtu apate ujasiri."

"Si aandike akishaupata?"

"Wewe ungekuwa muuguzi," dada alisema, "wagonjwa wangepona kwa woga tu."

Kisha akamweleza. Wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wanaacha vidonge katikati kwa aibu. Alikuwa na mmoja aliyemnyima raha: mwanamke mshonaji, aliyefanya kazi na washonaji wenzake katika chumba kimoja kidogo, bega kwa bega. Mwenzake mmoja tu angejua anakohoa kwa sababu gani, asingepata tena pa kuweka cherehani yake. Alipopata nafuu kidogo aliacha kuja kliniki. Dada alimkuta njiani, akamsihi. Yule mwanamke akasema kwa sauti ya chini kwamba simu hawezi kupiga, chumba kizima kinasikia; lakini akipata pa kuandika, ataandika.

"Ugonjwa huu ukiuacha katikati," dada alisema, "unarudi umejifunza. Vidonge vya kwanza unavicheka. Namtaka yule mama kabla haujarudi."

Kitasa hakuwa na jiwe kifuani. Alikubali.

Hospitali ikampa kazi mwandishi wa programu, mwanamke kijana aliyefanyia kazi nyumbani kwake, mwepesi wa kusema na mwepesi zaidi wa kucheka, na wakati huo mjamzito. Aliandika dirisha lile, na kwenye kompyuta yake lilikwenda kama maji. Kitasa akaliweka ndani, nyuma ya seva yake. Likagoma. Ukurasa ulifunguka mweupe, duara likazunguka katikati, basi.

Alimpigia simu. "Programu yako mbovu."

"Salama, kaka, na wewe hujambo?"

"Sijambo. Mbovu."

"Kwangu nzima. Sikia. Ukurasa ukifunguka unatuma ombi la kawaida, lakini ndani yake kuna neno la ziada: sikuja kuuliza niondoke, nataka kukaa tuzungumze. Seva yako inalifikisha ombi, lile neno inaliacha mlangoni."

"Kwa nini iliache?"

"Ndivyo ilivyofundishwa. Inaona neno hilo ni la baina yake na mgeni, halivuki kwenda ndani. Ni kama mshenga aliyefika ukweni, akasalimu, akanywa maji, akarudi bila kutaja posa."

Kitasa hakucheka, ila alielewa. Aliongeza mistari michache kwenye maelekezo ya seva, akaiamuru ilipitishe lile neno kama lilivyo. Dirisha likafunguka. Dada akaandika "Hujambo" kwenye kompyuta ya kliniki, karani wa mapokezi akajibu "Sijambo, nina njaa" kwenye simu yake, wakafurahi.

Furaha haikufika mbali. Dada akapiga simu: limekufa. Kitasa akashuka, akaandika "moja, mbili" kwenye simu yake, maneno yakatokea kwenye skrini ya dada. Mbona zima? Akapanda juu. Likafa. Akashuka tena, akaandika, likafanya kazi kwa adabu zote.

"Kidonda kinamwogopa mganga," karani alisema.

"Kaa na sisi hapa tu," dada akaongeza. "Tukutundike ukutani."

Kitasa hakuelewa. Alibadilisha waya. Alishuku taa ya juu ya meza, akashuku redio ya karani, akaizima, karani akanuna. Kila alipolijaribu dirisha lilikuwa zima, na kila alipotoka lilikuwa maiti, na lililomchanganya zaidi ni kwamba maiti yenyewe haikuonekana. Dirisha lililokufa lilifanana kabisa na dirisha lililonyamaza. Dada aliweza kukaa mbele yake akidhani hakuna aliyeandika, kumbe hakuna anayeweza kuandika.

Waligombana. Dada alimwambia amemletea pambo. Yeye akamwambia kliniki ina mikosi yake. Wakakaa chumba kimoja bila kusemeshana, dada akipanga makopo ya kohozi, Kitasa ameitazama skrini na mikono ameikunja. Hakuna aliyeandika chochote. Na hapohapo, mbele ya macho yake, laini ikakatika.

Ndipo akajua. Si waya, si redio. Seva yake ilikuwa ikiona mgeni ameshika laini na hasemi kitu, ikangoja kidogo, ikahesabu kwamba ameondoka, ikafunga. Alipokuwa akijaribu, alikuwa akiandika, ndiyo maana haikufungwa. Seva ilifanya kile ambacho angekifanya yeye.

Dawa rahisi ilikuwa kuiambia seva ivumilie muda mrefu zaidi. Kitasa alikataa. Laini zinazoshikwa na watu wasiosema zingejaa, na wenye maswali yao wangekosa pa kupita. Hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini alilisema kwa raha kuliko ilivyohitajika.

"Basi," mwandishi wa programu alisema kwenye simu, "kama seva yako haitaki mtu mkimya, tumfundishe kusema. Simu ya mgonjwa ikikaa kimya, yenyewe itatuma kineno kidogo kwenda ndani, cha kusema nipo. Seva itaona mtu anazungumza, itatulia. Ndivyo wanavyofanya wote."

"Kineno gani?"

"Chochote. Nitaweka hodi."

Akaweka, laini haikukatika tena, na dada akawatumia wagonjwa wake anwani ya dirisha, yule mshonaji akiwemo. Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Kile kineno kilipaswa kufika kwenye programu kimezwe humohumo, kisionekane na mtu. Mwandishi alisahau kuiambia programu ikimeze. Ikakipokea kama ujumbe wa mgonjwa na kukifikisha mezani kwa muuguzi.

Dada alikuwa akichoma sindano pale skrini ilipoandika: Hodi.

Alimaliza, akanawa, akaandika: Karibu.

Kimya. Baada ya muda: Hodi.

Karibu mama. Karibu sana.

Hodi.

"Nimeshakukaribisha," dada aliiambia kompyuta.

Ikawa hivyo siku hiyo na zilizofuata. Hodi zilikuja, zikakoma, zikaanza tena saa nyingine. Dada hakuweza kuzipuuza. Alilelewa akifundishwa kwamba hodi ni deni, ukiisikia lazima uitike hata kama umeshika moto. Aliitikia kila moja. Karani akaingilia.

"Huyo ni mwenye nyumba wako. Anataka kodi."

"Mwenye nyumba wangu hapigi hodi, anaingia."

"Basi ni kiziwi. Unamwambia karibu, hasikii."

"Si kiziwi," dada alisema. "Ni mtu anayeogopa."

Alikuwa ameshajijengea hakika. Alisema ni yule mshonaji: amefungua, amepiga hodi, na maneno yamemkwama. Akamwandikia taratibu, kama mtu anayemsogelea kuku asimtimue. Karibu, mama. Hakuna anayekulaumu. Vidonge vyako vipo, nimevitunza. Sema neno moja tu. Mara hodi zikakatika ghafla, na dada akabaki ameshika kidevu, hajui amemfukuza au amemfariji.

Kitasa alipopata habari alishuka mbio.

"Dada, unazungumza na programu. Hiyo hodi haijaandikwa na mtu. Ni simu inajisemea ili seva yangu isiikatie laini."

"Simu ya nani?"

"Ya yeyote aliyefungua dirisha."

"Kwa hiyo kuna mtu."

"Kuna simu."

"Simu haijifungui yenyewe, mdogo wangu. Mtu amefungua, ameshika, hajaandika. Au sivyo?"

Kitasa alikuwa na jibu, na jibu halikukaa sawa. Ni kweli hodi haikuwa ya mtu, na ni kweli bila mtu isingekuwepo. Alisimama katikati ya kweli hizo mbili kama mtu aliyepewa funguo mbili kwa mlango mmoja. Mwishowe akarudi kwenye alichokizoea.

"Hajasema shida yake," alisema. "Asiyesema shida yake asisumbue watu. Una foleni hadi nje, nawe unapiga soga na mashine."

Alimpigia mwandishi wa programu. Sauti ilitoka ikihema. Alikuwa amelazwa wodi ya uzazi.

"Usiguse," alisema. "Nikitoka hapa nitabadilisha kile kineno, niweke alama ambayo mtu hawezi kuiandika. Ni kazi ndogo."

"Nifanye mimi."

"Usiguse, kaka. Niache nijifungue kwanza."

Kitasa aligusa. Kuingia ndani ya programu hakuweza, lakini ukurasa uliotokea kwenye skrini ya dada ulipita kwenye seva yake, nao aliujua. Akauongezea mstari mmoja: ujumbe wowote ambao ni neno hodi peke yake, usionyeshwe. Akajaribu kwa simu yake mwenyewe. Akaandika hodi. Skrini ya dada ikabaki safi. Akaandika "naumwa kifua". Ikatokea. Alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na mtu akipiga hodi kwa mkono wake mwenyewe?" dada aliuliza.

"Mwenye shida atataja shida. Hodi si shida."

Dada alitaka kusema jambo. Nje wagonjwa walikuwa wakikohoa, mmoja wao alikuwa mzee anayeshikilia ukuta, na karani alikuwa akiita majina. Dada akaenda kumshika yule mzee. Hapo naye alikosea. Alikuwa na swali sahihi mdomoni, akaliacha lipite kwa sababu aliyemjibu alijibu kwa uhakika. Watu wengi huumia kwa njia hiyo: mmoja ana uhakika bila kuelewa, mwingine anaelewa bila uhakika, na wa kwanza ndiye anayesikilizwa.

Skrini ikatulia. Wachache waliandika, wakajibiwa: mmoja aliuliza kama anywe vidonge na maziwa, mwingine aliomba kuhamishiwa kliniki ya karibu na kwake. Mganga mkuu alikuja kuliangalia dirisha, akalisifu. Kitasa alipita kila asubuhi, akatazama, akaondoka ameridhika. Dada peke yake hakutulia. Alimuuliza mdogo wake mara nyingi kama lile dirisha ni zima kweli, naye akamwonyesha kwamba ni zima. Lilikuwa zima. Dada akabaki na wasiwasi usio na mahali pa kuushika, na mshonaji hakuandika.

Alikuja mwenyewe, mchana, ameshikwa mkono na wifi yake. Nguo zilimpwaya, naye ndiye aliyezishona. Alikaa kwenye benchi, akafunika mdomo kwa kitambaa, akakohoa muda mrefu, na kitambaa akakikunja haraka wasikione ndani. Kitasa alikuwepo chumbani, amefungua mashine ya kuchapishia, vidole vyeusi kwa wino.

"Mbona hukuniandikia, mama?" dada aliuliza. "Nilikungoja."

"Niliandika."

"Sikuona kitu."

"Mara ya kwanza kweli sikuandika. Nilifungua tu, nikawa naangalia, nawaza nianzie wapi. Mara naona, karibu. Sijasema neno. Naambiwa karibu, naambiwa vidonge vyangu vipo. Nikashtuka. Nikasema, hawa wananiona. Nikazima simu, nikaitia kwenye droo ya nyuzi."

Wifi yake akaingilia. "Nilimwambia labda ni mtandao."

"Mtandao hausemi mama." Alipumua kwanza. "Baadaye nikajisemesha, yule dada ni mtu mwema, na kama ananiona basi ananiona. Nikafungua tena. Safari hii nikapiga hodi mwenyewe, kwa heshima. Kimya. Nikapiga pindo la gauni la watu nikalimaliza, nikapiga hodi tena. Kimya. Nikapiga ya tatu." Alitazama mikono yake. "Haikuitikiwa. Nikaondoka. Mtu haingii kwa watu bila kukaribishwa."

Dada aligeuka taratibu kumtazama mdogo wake.

"Kilichonichanganya ni hicho," mshonaji aliendelea, kana kwamba anaomba asaidiwe kuelewa. "Siku sikupiga hodi, mlinikaribisha. Siku nimepiga, mkaninyamazia. Nikasema basi wamenichoka. Nimewachelewesha, wamenichoka."

"Ungeandika shida yako," Kitasa alisema. Sauti haikutoka kama alivyozoea.

"Ningeanzaje kabla ya kuitikiwa?" Hakuuliza kwa hasira. Kwake hilo halikuwa jambo la kubishaniwa. Akamgeukia muuguzi. "Huyu nani?"

"Mdogo wangu."

"Pole," mshonaji alisema. Hakuna aliyejua anampa nani pole, na hakuna aliyemuuliza.

Kitasa alipanda stoo akiwa bado na wino mikononi, akaufuta ule mstari. Kisha akakaa mbele ya seva. Alichokuwa akikitafuta ni mahali kosa lilipokuwa, maana kila kipande alichokigusa kilifanya kilichoagizwa. Seva ilifunga kwa asiyesema, kama ilivyofundishwa. Simu ilisema hodi, kama ilivyofundishwa. Ukurasa ulificha hodi, kama ulivyofundishwa. Alizunguka hivyo hadi dada yake alipomtuma karani amwambie mashine ya kuchapishia bado iko wazi na cheti cha rufaa kinasubiriwa.

Mwandishi wa programu alirudi kazini na mtoto mgongoni, akaondoa neno hodi, akaweka alama isiyoandikika kwa kidole cha mtu. Ilikuwa kazi ndogo, kama alivyosema. Kitasa alimuuliza mara mbili kama ana hakika, jambo ambalo hakuwahi kumuuliza mtu. Siku hizi ukimpigia simu anakuacha umalize salamu, ingawa unasikia kwamba hajui azifanyie nini.

Vidonge vya kwanza havikumfaa tena mshonaji. Alitibiwa kwa dawa kali, kwa muda mrefu, mbali na kwake, akapona. Pafu lake la kushoto limebaki kovu, na pumzi aliyobaki nayo haitoshi kukanyaga cherehani. Kanuni ya Kitasa ilimgharimu mwanamke huyo pafu moja na kazi yake.